Sindano ya Nguvu na Haki ya Kizazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtu kwa tone la manii kisha akamjaalia nasaba na ukwe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu, masala haya nimechelewa kuyaandika kwa kuona haya, na kuona haya kwangu kumemdhuru mtu. Kijana mmoja niliyemsomesha juzuu katika chuo changu alinijia akitaka nimuandikie talaka. Alisema mkewe amekaa naye miaka mitatu wala hakushika mimba, na mamake amekwisha kumtafutia mchumba mwingine. Mimi nilimuombea dua, nikamkumbusha habari za Nabii Zakariya, nikamuamrisha asubiri. Sikumuuliza anakunywa nini wala anajidunga nini. Mke amekwisha kupimwa mara mbili, na hakuonekana na kasoro; mume hakupimwa hata mara moja. Alipopimwa mwishowe, ndani ya manii yake hapakuonekana mbegu hata moja. Ndipo aliposema ya kuwa tangu kabla ya harusi alikuwa akijidunga kila wiki sindano za kutia nguvu, kwa sababu ya uchovu na kupungukiwa na hamu.

Basi jueni namna jambo hili lilivyo. Nguvu ya mwanamume hutokana na homoni iitwayo testosteroni, nayo hutengenezwa ndani ya korodani. Lakini korodani hazifanyi kazi kwa amri yao wenyewe. Iko tezi ndogo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ipelekayo wajumbe wawili katika damu: mmoja huamrisha testosteroni itengenezwe, na wa pili husimamia ukuaji wa mbegu. Mtu akitia testosteroni ya nje, ubongo na tezi hii huona ya kuwa kiasi kimetimia, wajumbe wakazuiliwa, korodani zikalala. Na mbegu hazikui kwa testosteroni ya damu peke yake, bali huhitaji ile nyingi iliyomo ndani ya korodani zenyewe, na hiyo ndiyo iliyokatika. Hivyo mume huona misuli imejaa na hamu imerudi, naye hana mbegu; akalilaumu shamba kwa kutoota, ilhali hakupanda kitu.

Wala hii si dhana. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa khabari ya majaribio yaliyofanywa katika nchi 7 kwa wanaume 271 wazima, waliodungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na makusudio yalikuwa kuzuia mimba. Katika hao, 157 walifikia kutoonekana mbegu kabisa. Tazameni basi: dawa ambayo watu hujidunga ili wazidi uanaume, matabibu waliijaribu kuwa dawa ya kuzuia mimba, nayo ikafaa.

Ama hukumu yake, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametenganisha baina ya dawa ikatayo uzazi moja kwa moja, nayo ni haramu, na ile iuchelewayo, nayo ni makruhu, na ukaraha huondoka kwa udhuru. Sindano hii ni ya fungu gani? Mwaka 2006 yalikusanywa matokeo ya wanaume walioacha baada ya majaribio kama hayo. Kwa miezi 6, katika kila 100, watu 67 walirejewa na mbegu milioni 20 kwa mililita moja. Kwa miezi 12 watu 90. Na kwa miezi 24 ikakadiriwa kuwa wote wamerejea. Kwa hiyo asili yake ni kuchelewesha. Lakini hao walikuwa watu wazima wa afya, wakapewa kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ajidungaye kwa siri miaka mingi, kwa vipimo vya kubahatisha, huenda akangoja zaidi, na wengine hawarejei walivyokuwa. Mtu huyo, naye hana maradhi yaliyothibiti, mimi siwezi kumwambia kwamba jambo lake ni karaha tu.

Kujitibu kumeamrishwa, wala simkatazi mgonjwa. Sharti ni ugonjwa uthibiti. Jumuiya ya matabibu wa njia ya mkojo ya Marekani, katika muongozo wake wa mwaka 2018, imesema damu ipimwe asubuhi mara mbili, na ionekane chini ya nanogramu 300 kwa desilita, pamoja na dalili za maradhi. Na ikasema atafutaye mtoto asipewe testosteroni. Mzee aliyekwisha kupata wanawe hukumu yake ni nyingine: yeye huitumia, na tabibu akamwangalia uzito wa damu yake na tezi ya kibofu.

Kijana atakaye kizazi anazo njia nyingine. Mnene apunguze uzito, na asiyelala alale, kwani unene na kukosa usingizi huishusha homoni hii. Kiko kidonge cha klomifeni, kiufanyao ubongo uzidi kupeleka wale wajumbe. Nacho hakimfai ambaye korodani zenyewe ndizo zilizoharibika. Na iko sindano ya hCG, ifananayo na yule mjumbe wa kwanza, iamshayo korodani badala ya kuzilaza. Kabla ya lolote manii yapimwe, na kuyatoa kwa mkono wa mke hakuna ubaya. Asiyekuwa na budi ya testosteroni anaweza kuwekewa manii yake katika baridi, kwa sharti yasitumiwe illa kwa mkewe, na ndoa ingali imesimama, naye yu hai.

Yule kijana aliniuliza swali lililonifurahisha, kwani lilionyesha kuwa chuo hakikupotea bure. Alisikia ya kuwa hCG nyingine hutolewa katika mkojo wa wanawake wenye mimba. Je, najisi haidungwi mwilini? Nilimjibu ya kuwa madhehebu yetu yameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa tembo tupu, ikiwa tabibu mwadilifu amesema itafaa na hakikupatikana kilicho tohara badala yake. Ikipatikana ile itengenezwayo pasipo mkojo, naye ana uwezo nayo, ndiyo ya kutangulizwa. Na sindano ya nyamani haifunguzi mchana wa Ramadhani.

Limebaki la mke. Kumficha mke dawa ikatayo mbegu, kisha ukamwacha aitwe tasa na mawifi, ni ghushi na ni dhulma. Wanavyuoni wamekhitalifu katika kumwaga nje pasipo idhini yake. Lakini hakuna niliyemsoma aliyeruhusu mume asingizie aibu yake kwa mkewe. Na aogopaye kushitakiwa kwa kadhi kwa udhaifu, ajue ya kuwa sheria humpa mwaka mzima tangu siku kadhi alipoweka muda, ili majira yote manne yampitie. Hakuna haja ya kukimbilia sindano ya dukani kwa hofu ya wiki moja.

Kijana ameacha sindano zile kwa amri ya tabibu, akaanza hCG. Mbegu huchukua kadiri ya miezi miwili na nusu kutengenezwa, basi nimemkataza kwenda kupima kila Ijumaa. Nimemtuma kwa mamake, aseme kwa ulimi wake mwenyewe kasoro ilikuwa kwa nani. Alikwenda siku ya tatu, na mke alikuwapo akisikia. Talaka sikuiandika.

Wallahu aalam.