ASILI NI NINI?

Baada ya swala ya Magharibi alinijia mzee mmoja wa mtaa wa Kibokoni kutaka shauri. Binti yake amechumbiwa na kijana mwenye kuswali na mwenye kazi ya halali, na binti mwenyewe ameridhia. "Lakini, sheikh," akasema, "asili yake hatuijui."

Neno hili tumelitwaa katika Kiarabu, na maana yake ni shina au msingi wa kitu. Wanavyuoni wa Usuli wamelieleza kuwa ni kile ambacho kingine hujengwa juu yake. Katika kiasi, mvinyo wa zabibu ndio asili na tembo la mnazi ni tanzu lake, kwa kuwa vyote viwili vyalevya (ijapokuwa hadithi ya Mtume, S.A.W., imekwisha kukusanya kila kilevi). Waalimu wa hesabu nao huiita asili ile namba ya chini ya sehemu. Mganga anayo dawa ya asili. Na mwenye duka huapa kuwa udi wake ni wa asili, Mungu ndiye ajuaye.

Mafakihi wana kanuni kuwa asili ya mtu ni kutokuwa na deni wala hatia, mpaka uthibiti ushahidi. Hapo neno lamlinda mtu. Sisi tumeligeuza tukamfukuzia.

Na tuutazame mji wetu. Thenashara Taifa ndio wenyeji wa Mombasa, na katika Tisa Taifa wamo Wapate, Wafaza na Washaka, ambao majina yao yenyewe yatangaza kuwa wazee wao walitoka upande wa Lamu. Kisha wakaja Waingereza wakatugawanya kwa asili, wenyeji na wasio wenyeji, kodi mbali na heshima mbali. Nasi, badala ya kuukataa mgawanyo, wengi wetu tuliomba tuhesabiwe si wenyeji!

Sifichi kuwa madhehebu yetu ya Shafi yataja nasaba katika kafaa. Lakini hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, waweza kuisamehe, wala si sharti ya kusihi kwa ndoa. Fatima binti Qays alikuwa Mkureshi. Mtume mwenyewe alimshauri aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo hakupendezewa, kisha akaiona kheri yake.

Haya nilimweleza mzee. Aliomba muhula akawasemeze ndugu zake, ambao, kwa kauli yake, ni wagumu kuliko yeye.