Je, daktari mwenye sindano ya kuigiza ni mwongo?



Juzi, baada ya somo juu ya amri ya nane, kijana mmoja aliniuliza: «Mwalimu, nimesikia redioni kwamba madaktari huwachoma wagonjwa wengine sindano za kuigiza ili kuipima tiba ya Wachina. Je, huo si uwongo?» Swali lake ni zuri, nasi tulitazame pamoja.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Saratani, ambayo wengi huiita kansa, ikishika koo au ulimi, madaktari huipiga kwa miali mikali isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo huushambulia ugonjwa, lakini huziumiza pia tezi za mate zilizo karibu. Basi kinywa hukauka. Tonge la bukari halishuki pasipo maji, maneno hukwama, meno huoza; tena ukavu huo waweza kudumu miaka. Hata aliyepona huogopa kuketi penye chakula.

Wachina, tangu zamani sana, huchoma sindano nyembamba mahali maalum pa mwili ili kutuliza maumivu. Sindano hizo haziondoi saratani. Lakini je, zaweza kukisaidia kinywa kisikauke? Madaktari wa Houston, huko Marekani, na wa Shanghai, huko China, waliwagawa wagonjwa 399 kwa kura katika makundi matatu. Wote walipigwa miali na kutunzwa kama kawaida. Kundi la kwanza waliongezewa sindano za kweli, la pili sindano za kuigiza, la tatu hawakuongezewa kitu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Mwaka mmoja baada ya matibabu, waliopata sindano za kweli walikuwa na ukavu pungufu kuliko wale wa kundi la tatu. Lakini kati ya sindano za kweli na za kuigiza tofauti ilikuwa ndogo, isiyotosha kukata shauri. Tena huko Houston hata zile za kuigiza zilileta nafuu kubwa. Huko Shanghai karibu hazikuleta kitu. Madaktari waliyaandika hayo yote wazi, wakasema uchunguzi zaidi unahitajika.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Mwongo humpotosha mwenzake kwa neno ambalo yeye mwenyewe halisadiki. Lakini katika kazi ya namna hii ni sharti mgonjwa aelezwe kwanza: ziko sindano za kweli na za kuigiza, wala hutajua umepata zipi. Akikubali, anakubali kwa hiari. Akikataa, hutunzwa vilevile. Na liko sharti jingine: daktari awe hajui bado kama tiba inafaa. Kama angejua hakika kwamba inafaa, kumnyima mgonjwa kungekuwa kosa kubwa.

Mimi nami nina la kukiri mbele yenu. Miaka michache iliyopita, mama mmoja mzee, jirani yetu, alivimba shingo. Nilimpelekea majani niliyosikia kwamba yalimponya mtu mwingine, nikamwambia: «Mama, haya yatakuponya.» Maumivu yalitulia kidogo. Akafurahi, nami nikafurahi, akaahirisha safari ya hospitali. Alipofika huko, uvimbe ulikuwa umekwisha kukua, na waganga hawakuweza kumsaidia sana.

Sikumtakia mabaya hata kidogo. Majani yangu yalikuwa majani ya kweli, na huruma yangu ilikuwa ya kweli. Lakini nilisema «najua», nami nilikuwa sijui. Basi nani alidanganya: daktari aliyekuwa na sindano ya kuigiza, akasema wazi kwamba anatafuta, ama mimi?

Wapenzi, huruma isiyopenda ukweli yaweza kumwumiza yule inayemkumbatia. Msiache kuwatembelea wagonjwa, kuwachotea maji, kuwapikia uji mwepesi, kukaa nao usiku. Hayo hayahitaji kupimwa. Lakini mkipeleka dawa, semeni kama ilivyo: «Hii huenda ikakutuliza, kama inaponya, sijui. Kesho nitakusindikiza hospitali.» Kisha amkeni mapema, msindikizeni.