Je, Kusita Ni Kukosa Uaminifu?



Tangu kutuma fedha kwa simu kulipoanza, Kenya mwaka 2007 na kwetu Tanzania mwaka 2008, mtu wa Kidichi hana haja ya kushuka mjini na noti mfukoni ili alipe deni. Ni faida kubwa. Lakini palipo na njia ya mali, mwivi naye hupita.

Ujumbe wa mwivi huyu twaujua sote: “Ile pesa tuma kwa namba hii.” Hautaji jina wala kiasi. Wengi huucheka, wakisema, Ni mjinga gani atakayenaswa na maneno haya? Lakini tufikiri vema. Asiye na deni huufuta, akaenda zake. Mwenye deni asiyetaka kulipa hufanya vivyo hivyo. Basi anaswaye ni nani? Ni yule mkulima wa viungo aliyeahidi jana kumlipa mwenziwe, naye fedha anazo tayari, hataki kulala na haki ya mtu. Mwivi hakuwinda ujinga, amewinda uaminifu.

Ndivyo alivyo na yule apigaye simu akilia kwamba ametuma fedha kwako kwa kukosea, umrudishie. Ujumbe wa malipo ameutunga mwenyewe, fedha hazikuja. Mtu mdhalimu hatarudisha kitu. Mtu mwema hurudisha upesi, na fedha zatoka katika akiba yake.

Je, tuache wema? Hasha! Wako walioumwa mara moja, wakafumba mkono hata kwa mwenye shida ya kweli. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kwanza.

Je, asitaye kabla ya kutuma amepungukiwa na uaminifu? La. Wazee husema, dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli; lakini twadaiwa na mtu, hatudaiwi na namba. Mlipaji mwema humpigia mwenye haki kwa namba anayoijua tangu zamani, huisikia sauti yake, ndipo hutuma. Aombwaye kurudisha fedha hutazama kwanza salio lake. Zikiwa zimeingia kweli, huwaambia watu wa kampuni wazirudishe wao. Na namba ya siri haambiwi mtu, hata ajiitaye mtumishi wa kampuni. Maana katika simu hiyo mara nyingi mna mali ya wengine, ada ya mtoto au fedha za chama.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na kusajili laini kwa alama za vidole kulianza Mei 2019. Wala wevi hawakukoma. Kwa hiyo neno la mwisho ni kwetu sisi ambao hatujanaswa. Tukimcheka aliyeibiwa, ataficha. Akificha, jirani yake hataonywa, wala namba ya mwivi haitapelekwa 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kicheko chetu chamsaidia mwivi. Aliyeibiwa na aseme bila haya, nasi tumsikilize kwa heshima, maana pengine ameibiwa kwa sababu alikuwa mwaminifu kuliko sisi.