Mbwa Asiyelinda Anatudai Nini?

Nairobi, mbwa mkubwa huwa ameajiriwa. Wengi wetu hatumfugi kwa sababu ya macho yake mazuri. Tunamfuga kwa sababu geti ni bovu na mtaa una wezi. Kazi ikiisha je? Bado tunadaiwa?

Simba, German Shepherd wa shangazi yangu, aligongwa na pikipiki, daktari akalazimika kukata mguu mmoja wa nyuma. Majirani waliuliza haraka: "Sasa huyo atafanya kazi gani?" Mmoja akauliza bei ya sindano ya kumuua.

Siwacheki. Kwa ploti hiyo hiyo kuna mama anachangisha pesa za matibabu ya mtoto, na hapa mbwa amefanyiwa upasuaji. Hoja hiyo ni nzito. Lakini sijasikia ikielekezwa kwa Subaru iliyoegeshwa pale nje. Ni mbwa pekee anayetakiwa ajitetee mbele ya maskini.

Tukisema tulidaiwa kwa sababu alilinda, basi deni limeisha. Mimi naona lilianza mapema zaidi. Simba hakuomba kazi. Tulimtoa kwa mamake akiwa mdogo, tukamfungia ndani ya ukuta, tukahakikisha hawezi kupata chakula, maji wala njia ya kutoka bila mkono wetu. Huwezi kumfanya kiumbe akutegemee, halafu umwone mzigo siku anapokutegemea zaidi. Kama deni linatokana na utegemezi, basi mguu ulipokatwa, deni liliongezeka.

Na deni hilo halilipwi kwa kumwonea huruma tu. Kabla nyuzi kutolewa, tulikuwa tunapitisha leso chini ya tumbo lake, karibu na mapaja, mtu mmoja anashika ncha zote mbili juu ya mgongo. Ukivuta sana, anaachwa akining'inia na anaogopa. Ukilegeza sana, anateleza. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hivyo Simba alikuwa na uwezo mwingi bado. Leso ilikuwa ya kumsawazisha tu, kutembea atembee mwenyewe, kwa mwendo wake. Kwenye vigae tulitandaza vipande vya zulia kuukuu, maana sakafu inayoteleza humwadhibu mbwa wa miguu mitatu kila hatua.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwazuia watu wasimlishe ovyo. Kila mgeni aliyemwonea huruma alimtupia ugali na nyama. Lakini kila kilo inayoongezeka inabebwa na miguu mitatu, si minne. Huruma yao ilikuwa inawapa wao raha, na kumwachia yeye mzigo. Ukitaka kumsaidia kweli, inabidi umnyime kitu huku anakutazama usoni.

Sisemi sindano ni dhambi kila wakati. Ikifika siku maumivu hayatulizwi na dawa, na hawezi kuinuka hata kwa leso, kumpumzisha kunaweza kuwa sehemu ya deni lile lile. Lakini siku hiyo tutakuwa tunapima maumivu yake. Nani atalinda geti ni shida yetu, na kufuli zinauzwa dukani.