Kutu Chini ya Rangi

Sisi tukaao Uingereza tulinunua gari kuukuu la MGB, lililoundwa Abingdon mwaka 1967, tukalitia bandani ili tulitengeneze pamoja na watoto na rafiki zetu. Rangi yake nyekundu ilipendeza macho. Lakini mtoto wetu alipokwangua chini ya mlango, bisibisi ilipenya hata mpini. Mtu aliyetutangulia alikuwa ameziba matundu, akapaka rangi juu.

Gari hili halina fremu ya peke yake. Nguvu zake zimo katika bodi, na hasa katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Ukivikata pasipo kufunga kwanza vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango, gari hulegea katikati, wala mlango haufungiki sawasawa tena.

Twaungama mbele yenu, ndugu: tulitamani kupaka rangi sisi nasi, tukauze. Nani angejua? Je, ninyi hamjapata kujiuliza hivyo? Ndipo mtoto akasema, “Baba, naye atakayeketi ndani yake?” Tukanyamaza, hata chai ikapoa.

Kesho yake jirani akaleta mashine yake ya kulehemu. Tukafunga vyuma, tukakata bati lote lililooza mpaka tukafikia lililo zima. Majira mawili ya baridi yamepita, na bado twalehemu.