Je, Mama Akiutunza Mwili Wake Anajivuna?

Baada ya ibada huwa tunakaa kivulini nje ya kanisa, na mara nyingine tunacheka mambo yasiyofaa kuchekwa. Tumesikia mama wa makamo, atembeaye kwa haraka kila alfajiri, akisemwa kwamba anataka kurudia usichana. Mwingine aliyenenepa akaitwa mvivu. Basi tujiulize: kuutunza mwili katika umri huo ni majivuno au ni wajibu?

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Kwa akina mama wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, mafuta huanza kukaa zaidi tumboni, na mifupa hupungua nguvu. Umri nao hupunguza misuli. Kwa hiyo mama aweza kula ugali na michembe kwa kiasi kilekile cha zamani, na bado gauni likambana. Hiyo si dhambi.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma, na ya kutia misuli nguvu siku 2 au zaidi. Lakini tusiwatungie wote sheria moja. Mama anayekaa dukani kutwa mjini Shinyanga anahitaji kutembea. Yule anayeponda mawe ya dhahabu huko Geita tangu asubuhi amekwisha kuchoka. Anahitaji chakula bora na pumziko. Kumhimiza huyu afanye mazoezi ni kumwongezea mzigo.

Wengine husema ajitunze ili apate nguvu za kulea wajukuu. Ni kweli, lakini haitoshi. Hata asiye na mjukuu, mwili wake una thamani mbele za Mungu. Hakuumbwa awe jembe la wengine tu.

Na hiyo nusu saa ya kutembea ataipata wapi, ikiwa maji, kuni na jiko vyote vinamngoja yeye? Hapo swali linatugeukia sisi waume na watoto. Tuchote maji.

Tena, damu ikitoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima, asione haya. Aende hospitali mapema.

Kesho alfajiri tukimwona anapita, tusicheke. Tumwamkie "mwangaluka," na anayeweza afuatane naye.