Ufunguo Uweke Hapo Mezani

Ufunguo uweke hapo mezani, mjukuu wangu, kisha uketi. Sikukuita nikugombeze. Ningekuwa na miaka hamsini ningegomba, na soko zima la Gakindu lingesikia. Sasa nimechoka, na kelele hazijawahi kutoa gari mtoni.

Mungu ashukuriwe mmerudi wanne, kama mlivyoondoka. Gari ni chuma tu. Nasema hivyo huku moyo unakataa, maana Pijo ile niliinunua kwa kahawa. Baridi iliunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapaa, na kufikia 1977 hata sisi wenye mashina machache tulishika pesa. Wenzangu walijenga nyumba za mawe. Mimi nikachukua 504. Cucu yako, mke wangu, alinuna wiki mbili, kisha akawa wa kwanza kukaa mbele kila Jumapili. Mpaka juzi, ungeinua zulia la nyuma, ungeokota buni zilizokauka za miaka hiyo.

Lakini kilichoninyima usingizi ni neno lako kwenye simu: "Guka, si ulituambia Pijo haizami?"

Niliwaambia, kweli. Kila Krismasi naanza na Safari Rally ya 1968, Pasaka ya mvua: magari zaidi ya 80 yakaondoka, yakamaliza 7, madereva wakaitwa Saba Wasiozama, na aliyeshinda ni Nick Nowicki na Peugeot 404. Halafu naleta yangu ya El Niño ya 1997, nilivyovuka kijito kilichofurika huku cucu yako amekumbatia kuku. Mnacheka, mnaniomba nirudie. Hakuna hata siku moja mliyoniuliza yale magari mengine yalikwama wapi. Wala mimi sikujiuliza.

Sasa sikia ambayo sijawahi kuisimulia. Siku ile nilikaa ukingoni saa nne nzima. Nilichomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kikazama. Nikachomeka kingine juu yake, nacho kikazama. Cha tatu kikabaki kikavu, na baada ya muda mrefu vile viwili vikaanza kuchomoza tena. Hata hapo sikuwasha gari. Kijana mmoja alitangulia kwa miguu, kamba kiunoni, na maji hayakumfika nusu ya muundi. Ndipo nikavuka. Lakini kungoja hakumchekeshi mtu, basi mwaka baada ya mwaka nikawa napunguza kule kungoja kwenye hadithi, mpaka tukabaki gari, maji na mimi shujaa. Hadithi hiyo iliyopunguzwa ndiyo uliyoondoka nayo Jumamosi.

Tena wewe umekulia karibu na Gura. Gura unanguruma mwaka mzima, hata kipofu anajua mto uko pale. Laga za huko Archer's Post, mito ya msimu kama huo ulioingia na gari, hazikuonyi hivyo. Asubuhi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita. Unaniambia mbingu ilikuwa safi. Ilikuwa safi hapo uliposimama. Mvua ilinyesha vilimani, mbali na macho yako. Ewaso Ng'iro wenyewe hupata maji yake huku kwetu, Nyandarua na Kirinyaga, na Machi 2010 uliteremka ukasomba kambi za watalii kule Samburu.

Unasema pia maji yalikuwa ya magoti tu. Magoti ya nani, wewe mrefu hivyo? Maji ya sentimita 30 yakienda kasi yanatosha kuliinua gari dogo, na ya 60 hubeba karibu gari lolote. Gari lina hewa ndani kama mtumbwi. Tairi zikishaachana na chini, huo usukani unaushikilia wa nini? Uzito nao hauokoi. Tarehe 4 Desemba 2021, Jumamosi kama hiyo yako, basi zima la waimbaji waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu kule Mwingi, watu wamesimama ukingoni wakitazama. Walikufa zaidi ya 30. Sikutajii hayo kukutisha. Nakutajia kwa sababu siku hiyo nilitikisa kichwa mbele ya televisheni, nikamlaumu dereva, na Krismasi hiyo hiyo nikawasimulia tena habari za kuku.

Kuhusu mabaki ya gari sina mengi. Fundi asijaribu kuiwasha. Maji yakiwa ndani ya silinda hayashindiliki, yatapinda vyuma vilivyobaki vizima. Bima yetu ni ile ya kuwalipa watu wengine tu, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kuuliza. Wanaonunua chuma wachukue. Niletee ile nambari ya mbele kama bado ipo.

Nina ombi moja tu. Kesho utashuka sokoni, na wataka habari watakuzunguka. Usiwaambie mto uliichukua Pijo ya Guka. Waambie uliona maji, hukujua kina chake, hukungoja, ukaingia. Usipunguze hata neno. Anza na wale vijana wa bodaboda, maana mvua za Aprili bado hazijaisha.